Upepo Usio na Kibali

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa kuwa kulitaja katika maandishi kunahitaji fomu mbili, na mimi ndiye karani ninayezitoa. Ningelazimika kujiandikia ombi, kisha nijisubiri. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye milima upande mmoja na vumbi upande wa pili, na kwamba katika mwaka ninaousimulia serikali yake iliamua kuwakomboa wananchi kutoka kwenye upepo.

Nasema upepo wa matairi.

Chanzo chake ni safari ya Kiongozi Mkuu kwenda kuzindua kisima. Kilomita sita kabla ya kufika, tairi la gari lake likapata pancha. Kiongozi alikaa barabarani dakika arobaini juani, na wananchi waliokuwa wamepangwa kando ya njia walimpigia makofi dakika zote arobaini, maana hakuna aliyewaambia waache. Jioni yake Waziri wa Barabara, Mheshimiwa Daktari Bakunda, alitumwa ng'ambo kuchunguza sababu za matairi kupasuka. Alichunguza kwa wiki tatu katika hoteli mbili, akarudi na jibu.

Nilikuwepo uwanjani aliposimama kulitangaza.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumejitawala. Tumeitawala ardhi yetu, maji yetu na mifugo yetu. Lakini ni nani kati yenu amewahi kujiuliza, ndani ya tairi lake mna nini?"

Kwa kweli hatukuwa tumejiuliza.

"Mna upepo wa mitaani!" akanguruma. "Upepo uliopita jikoni kwa watu! Upepo uliokwisha kupumuliwa na mbuzi! Wenzetu walioendelea hujaza naitrojeni. Naitrojeni haina unyevu. Haivuji ovyo. Haitanukitanuki kwa sababu ya joto kidogo. Ndugu zangu, hiyo ni gesi yenye nidhamu!"

Nilivyokuja kusoma baadaye, sehemu kubwa ya maneno yale ilikuwa kweli. Matairi ya ndege hujazwa naitrojeni. Wilayani kwetu hakuna ndege, lakini sheria ikapita.

*

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kila tairi nchini lijazwe naitrojeni. Tairi lililojazwa lipewe kifuniko cha kijani kwenye valvu, ili askari aweze kulitambua akiwa amekaa. Upepo wa kawaida usionekane tena ndani ya tairi la mtu.

Wilaya yetu ikapewa Idara ya Ukaguzi wa Upepo, yenye watumishi watatu: Mkuu wa Idara, mkaguzi kijana aitwaye Fumbuka, na mimi. Tukapewa pia mitungi miwili ya naitrojeni. Mmoja ulikuwa wa wageni wa kitaifa, ukakaa ofisini kwa Mkuu, umefunikwa kitambaa cha kufumwa. Wa pili ulikuwa wa dharura, ukapelekwa kwenye kizuizi cha barabarani, pale darajani, ukafungwa kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo alikaa nao Fumbuka. Lakini Fumbuka hakuruhusiwa kufungua mpaka apewe namba ya kibali, namba nilikaa nayo mimi, na mimi sikuruhusiwa kuitoa mpaka Mkuu atie sahihi Fomu Namba Tisa. Mkuu aliupenda sana mpangilio huo. Alisema hapo hata mwizi akija atakata tamaa.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kukusanya vyombo vya kujazia upepo wa zamani, na ndivyo nilivyofika kwa Mzee Kalembo.

Kalembo alikuwa fundi wa pancha pale njiapanda kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye viganja vyeusi visivyotakata hata kwa sabuni ya mche. Hakuwa na kipimo. Alilipiga tairi kofi moja, akainamisha kichwa kulisikiliza, kisha akasema, "Bado kidogo," au, "Hapo basi." Madereva wa malori walikuwa wakizunguka njia ndefu ili tu wapitie kwake.

Nilimwandikia hati ya kukamata mali: kompresa moja, nyekundu, yenye kelele. Aliisoma polepole, akaniuliza, "Karani, na huu upepo uliobaki ndani yake, nao mnauchukua?"

Nikampigia Mkuu. Mkuu akasema ndiyo, uchukuliwe. Nikauongeza kwenye hati.

Tangu siku ile Kalembo akawa anakata matairi chakavu na kushona katambuga. Mwanawe wa pekee, Zawena, alikuwa amerudi nyumbani kwa wazazi kujifungua mimba yake ya kwanza, na kila adhuhuri alimletea baba yake chakula, akitembea taratibu, mkono mmoja umeshika kiuno. Alikuwa binti mcheshi. Siku moja alinikuta pale nikikagua kama mzee hajaficha pampu.

"Shikamoo, baba karani."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nataka kuuliza. Huyu wangu akizaliwa, atapumua huu huu wa mitaani, au nije kwako nijaze fomu?"

Baba yake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Kalembo akicheka tangu tumchukulie kompresa. Nami nikacheka. Niliporudi ofisini nikafungua kanuni kuangalia. Hazikusema lolote kuhusu watoto.

*

Isisemwe kwamba wananchi hawakushirikishwa. Tulifanya mkutano wa hadhara, na Mkuu akakaribisha maswali matatu. La kwanza na la pili yalikuwa pongezi. La tatu lilitoka kwa Mwalimu Nyamizi, anayefundisha kemia sekondari.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nataka kusaidia tu. Katika kila sehemu mia za hewa hii tunayoivuta hapa, sehemu sabini na nane ni naitrojeni. Tayari tunayo."

Watu wakatazamana. Wengine walivuta pumzi kidogo, kwa kujaribu.

Mkuu akamwuliza, "Mwalimu, unayo risiti yake?"

"Haina risiti, mheshimiwa. Ni hewa."

"Na hizo ishirini na mbili zilizobaki ni nini?"

"Karibu zote ni oksijeni."

"Basi umekiri mwenyewe mbele ya umma," Mkuu akasema kwa upole, "kwamba imechanganywa."

Wiki iliyofuata Mwalimu Nyamizi alihamishiwa shule ya msingi mpakani, akafundishe kuimba. Ukurasa wa hewa katika vitabu vya kemia ukaamriwa ugandishwe na ule unaoufuata. Vitabu mia mbili na kumi niligandisha mwenyewe kwa gundi, na sikuharibu hata kimoja.

*

Sasa nifike kwenye ile Jumatano.

Zawena alishikwa na uchungu alfajiri. Saa mbili asubuhi muuguzi wa zahanati aliwaambia wazazi wake kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni, hapo haiwezekani, lazima apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe. Gari la wagonjwa likaja. Dereva wake aliitwa Mgaya. Mama Zawena akaingia nyuma akakishika kichwa cha binti yake mapajani, na Kalembo akakaa miguuni. Kutoka zahanati hadi hospitali ni mwendo wa saa moja, kwa kuwa barabara imejaa makorongo.

Walifika kizuizi cha darajani saa tatu kasorobo. Mkaguzi Fumbuka akalizunguka gari, akainama kwenye tairi la mbele la kushoto.

"Hili halina kifuniko cha kijani," alisema.

"Kimedondoka kwenye makorongo," Mgaya akajibu. "Kilikuwepo jana. Kaka, nina mgonjwa."

"Mgonjwa hana kosa. Tairi ndilo lenye kosa."

"Lilijazwa mkoani! Karatasi zipo ofisini kwetu."

"Hapa hazipo," alisema Fumbuka. Akachukua njiti ya kiberiti, akaibonyeza valvu.

Alikuwa anatekeleza Kanuni ya Kumi na Nne, inayosema upepo unaoshukiwa uachiliwe papo hapo. Mzee Kalembo alikuwa ndani, mlango umefungwa, mwanawe analia kwa maumivu, na bado aliisikia ile sauti nyembamba. Aliijua kabla hajashuka. Alipofika mbele, tairi lilikuwa limekwisha kukaa chini.

Spea ya gari hilo ilikuwa mkoani tangu miezi minne nyuma, ikisubiri zamu yake ya kujazwa.

"Mwanangu," Kalembo alimwambia Fumbuka, "humo ndani yumo binti yangu. Anajifungua, na mtoto amekwama."

Fumbuka hakuwa mtu mbaya. Napenda hilo lieleweke. Alibadilika uso, akatazama mlango wa nyuma wa gari, kisha mtungi kwenye mnyororo wake. "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Gesi hii hapa. Tunapiga simu tu, dakika mbili."

Simu ikalia mezani kwangu.

*

Nilikuwa peke yangu ofisini. Mkuu alikuwa mjini kwenye semina ya kuharakisha huduma kwa wananchi.

Fumbuka alinieleza yote. Nikamwambia, kama ilivyonipasa, kwamba namba ya kibali haitoki bila Fomu Namba Tisa, na Fomu Namba Tisa haiwi fomu bila sahihi ya Mkuu. Akasema anajua, lakini pana mgonjwa. Nikamwambia fomu ina sehemu ya maelezo ya ziada, mgonjwa ataandikwa hapo. Nikasikia simu ikichukuliwa na mtu mwingine.

"Karani, ni mimi Kalembo."

"Shikamoo, mzee."

"Zawena anakufa, karani."

"Pole sana, mzee wangu. Subiri hapo hapo kwenye simu yako. Nalishughulikia sasa hivi."

"Nisubiri?"

"Subiri, mzee. Nitakupigia."

Akasema, "Haya." Akakata.

Daftari la vibali lilikuwa wazi mbele yangu. Namba iliyofuata ilikuwa sufuri, sufuri, moja, saba. Ningeweza kuisema. Ni maneno manne. Mkuu hakuwahi hata mara moja kulifungua daftari lile, na mhuri ulikuwa kwenye droo yangu, si yake. Niliitazama namba ile, kisha nikamwita tarishi wa ofisi ya jirani, nikamtuma na fomu aende ukumbi wa semina. Tarishi alikwenda mbio. Mlinzi wa ukumbi akamzuia, akamwambia washiriki hawasumbuliwi mpaka wakati wa chai ya alasiri.

Nilimaliza kujaza nakala ya pili na ya tatu wakati nikisubiri. Utaratibu wote niliuzingatia.

*

Yaliyotokea darajani niliyasikia kwa Mama Zawena, kwa Mgaya na kwa Fumbuka, na watatu hawa hawakutofautiana.

Kalembo alisubiri nusu saa, simu mkononi, macho kwenye kioo chake. Kisha akapanda kutoka chini ya daraja muuza maziwa na baiskeli, na kwenye fremu ya baiskeli ile ilikuwa imefungwa pampu ya mkono, iliyosahauliwa na sheria kwa kuwa baiskeli zilipangiwa awamu ya pili. Kalembo hakuomba. Aliifungua tu, na muuza maziwa akamwachia.

"Mzee, usiweke huo," Fumbuka alisema. "Itanibidi nikuandike."

"Andika, mwanangu."

Akaanza kupampu. Tairi la gari kubwa kwa pampu ya baiskeli! Kila mmoja wetu anajua kazi hiyo ilivyo. Fumbuka akatoa kalamu, akawa anaandika kila pigo kama ushahidi, mistari midogo mitanomitano. Jua lilikuwa kali na shati la mzee lilikuwa limelowa mgongo mzima. Mdomo wa pampu haukukaa vizuri kwenye valvu ile, nusu ya upepo ikawa inapotea pembeni.

Ndani ya gari Zawena alimwuliza mama yake, "Baba yuko wapi?"

"Yupo hapo nje. Anajaza upepo."

"Basi tutafika," Zawena alisema, akafumba macho.

Kwenye karatasi ya Fumbuka mistari inafika mia mbili na themanini, halafu haiendelei. Nilimwuliza kwa nini ushahidi ni pungufu. Alinijibu kwamba hapo ndipo alipoweka kalamu chini, akapiga magoti, akaubana mdomo wa pampu kwenye valvu kwa mikono yake miwili ili usivuje. Kwa kitendo hicho alifukuzwa kazi mwezi uliofuata.

Mwishowe Kalembo akalipiga tairi kofi, akainamisha kichwa. Akampa ishara Mgaya, wakaondoka.

Walifika hospitali saa tano na nusu. Madaktari walifanya haraka sana. Walimtoa mtoto wa kike akiwa hai. Zawena alifariki saa saba kasoro dakika kumi, na daktari alimwambia Mama Zawena kwamba wangefika saa moja kabla, asingekuwa na sababu ya kuzungumza naye hivi.

Mkuu alirudi kutoka semina saa kumi, akatia sahihi. Nikapiga simu darajani kuwapa ile namba. Iliita mpaka ikakatika. Katika taarifa ya robo mwaka kibali kile kimewekwa kwenye orodha ya huduma zilizokamilishwa siku ile ile, na idara ikapongezwa.

*

Kalembo alishtakiwa kwa kuweka upepo usio na kibali katika gari la serikali. Walimpa siku tatu za matanga, kisha wakamchukua.

Kielelezo kilikuwa tairi lenyewe. Askari wanne walilibeba mpaka mahakamani kama jeneza, kwa hofu kwamba likitikiswa ushahidi utatoka. Kesi iliahirishwa mara tatu, na kila liliporudishwa hakimu alilibonyeza kwa kidole, akalikuta gumu vile vile. Waendesha mashtaka hawakulipenda jambo hilo, wakaomba liachwe kubonyezwa.

"Unakiri ulijaza?" hakimu aliuliza.

"Nakiri."

"Upepo huo uliutoa wapi?"

"Pale pale, mheshimiwa. Ulikuwepo."

Nilikuwa shahidi wa pili. Nilikaa benchi la mbele, daftari la vibali mapajani, tayari kueleza kwamba namba haikutolewa. Nilieleza vizuri. Hakimu alinishukuru kwa kumbukumbu safi. Kisha akamgeukia Kalembo, akamwuliza kama ana la kujitetea kabla ya hukumu.

"Sina, mheshimiwa. Ila nilichelewa," alisema. "Pampu niliiona mapema. Muuza maziwa alikuwa amekaa pale chini ya daraja tangu tunafika, anapumzika. Nikajiambia ngoja, usivunje sheria ya watu, utapigiwa. Nikasubiri nusu saa." Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeifurahia hasira. "Nilimwamini karani."

Akafungwa miezi sita.

*

Katika mwezi wa nne wa kifungo chake, gari la Kiongozi Mkuu lilipata pancha tena, likiwa na naitrojeni tupu na vifuniko vinne vya kijani. Mheshimiwa Daktari Bakunda akateuliwa balozi katika nchi ya mbali yenye baridi. Waziri mpya akaunda tume, na tume ikagundua, baada ya utafiti wa kina, kwamba nchi yetu imejaliwa hazina kubwa ya naitrojeni, inayopatikana bure kila mahali, kwa kiwango cha sabini na nane katika kila mia. Ikapewa jina la Naitrojeni Asilia ya Taifa. Kukawa na sherehe na gwaride. Mwalimu Nyamizi hakuitwa. Nasikia kwaya yake inaimba vizuri.

Sheria ikafutwa kimyakimya siku ya Ijumaa. Idara yetu ikageuzwa kuwa Idara ya Ukaguzi wa Kivuli, nami nikabaki na meza yangu ile ile.

Mzee Kalembo hakupunguziwa kifungo, maana fomu ya kupunguziwa ilikuwa bado haijachapishwa. Lakini siku alipotoka iliandikwa barua, na mimi nikatumwa kuipeleka. Ilisema serikali inasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Chini palikuwa na mstari wa mpokeaji kutia sahihi kwamba amesikitikiwa.

Nilifika kwake saa nne asubuhi. Alikuwa ameingia muda huo huo, kifurushi chake bado kiko mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, amekonda, ameoga, na Mama Zawena alikuwa amemwekea mjukuu mapajani. Mtoto alikuwa na miezi sita na zaidi. Hakumjua mzee huyu. Alimtazama usoni, midomo ikamtetemeka, akaangua kilio kikubwa, akijinyoosha na kujitupa nyuma.

Mama Zawena akaja mbio na mikono mbele. "Nipe, nipe. Bado hajakuzoea."

"Mwache," Kalembo alisema.

"Ataumia koo, baba Zawena."

"Mwache alie kidogo." Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. "Hebu sikia. Sikia pale anapovuta pumzi. Si sauti ya mama yake hiyo?"

Mama Zawena akasimama. Akasikiliza. Taratibu akajishika kanga kifuani, akakaa chini pale pale udongoni.

"Ndiyo yake," alisema.

Hapo Kalembo akainua macho akaniona nimesimama kwenye uwazi wa ua.

"Karibu, karani," alisema. "Karibu ukae."

Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, lakini hapakuwa na mahali pa kuyaweka, na barua sikuitoa mfukoni. Mtoto aliendelea kulia. Sisi watu wazima watatu tulikaa tukimsikiliza, na hakuna aliyemnyamazisha.